Pawaso Inayozimia Katelembo

Jumanne, 14 Oktoba 1997
Mke wangu Khadija amenipa daftari la shule la mtoto wetu Nuha lililobaki kurasa. "Baba Nuha, hasira zako za karakana uziandikie huku," amesema. "Mimi nimechoka kuzisikia kila nikipakua chakula." Basi naandika. Anayetaka utulivu na aupate.

Mvua imeanza leo na imeanza kwa kishindo. Redio inasema itakuwa nyingi kupita kiasi mwaka huu. Mimi Mudi, fundi wa pawaso nyuma ya soko la Machakos, sina ugomvi na mvua. Mvua huangusha miti, miti hutafutiwa pawaso, yaani misumeno ya petroli, na misumeno huharibika.

Wa kwanza kuniletea ni Ndambuki, mpasuaji mbao wa Katelembo. "Fundi, hii pawa iko na shida. Inawaka vizuri, inakata kidogo, alafu inalia juu sana kama imeshikwa na wazimu, inakufa. Nikifungua kifuniko niangalie kama mafuta iko, nikifunga, inawaka tena kidogo."

Nikamwambia petroli haiponi kwa kuangaliwa. Msumeno unaolia juu kisha ukafa una njaa ya mafuta, na njaa hiyo hutoka kwenye kabureta. Nimefanya kazi hii tangu marehemu baba yangu, Abdulghani, akiniita nimshikie bisibisi. Sihitaji kuelezwa mambo ya kifuniko.

Nimeiosha kwanza. Sifungui mashine chafu. Nina debe langu la maji ya moto na sabuni ya unga, nina brashi, na hakuna kitu kinachopanda juu ya meza yangu bila kuogeshwa. Mafundi wenzangu hucheka kwamba nalea watoto wachanga. Wao hufungua kabureta zikiwa na matope, halafu wanashangaa mchanga umeingia vipi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nilikuwa sahihi. Ile ngozi nyembamba ndani ya kabureta, inayopumua na kuvuta petroli, ilikuwa imekakamaa. Nimenunua seti mpya ya ngozi na gasketi kwa Ramzi, shemeji yangu, mdogo wake Khadija, mwenye duka la spea. Nimefunga, nimerekebisha sindano, nimepuliza chujio, hata tundu la kupumulia lililo kwenye kifuniko cha tangi nimelipuliza likatoa hewa safi. Nimekata magogo nyuma ya karakana mpaka tangi likaisha. Haikukohoa hata mara moja.

Ndambuki kaja kuichukua akitabasamu. Nikamuuliza huwa anailaza wapi, maana wezi wamezidi. "Chini ya kitanda cha mwaitu," akasema, yaani mama yake. "Hapo mwizi hawezi ingia. Mama halali usingizi."

Jumatatu, 20 Oktoba
Imerudi. Ugonjwa ule ule.

Jumanne, 21 Oktoba
Mvua. Karakana inavuja juu ya meza. Nimeiogesha pawaso ya Ndambuki, nimeifungua, sikuona kosa. Nimeifunga, imewaka, imekata. Nimechukia.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nilimrudishia Ijumaa, leo ameileta tena. Nikamuuliza kama anaichanganyia oili inavyotakiwa. Anachanganya. Kama ananunua petroli kwenye mitungi ya barabarani. Hanunui. Nikamuuliza kama anajua kuitumia. Ndambuki anapasua mbao akifuata mstari uliopigwa kwa uzi uliopakwa weusi wa betri kuukuu, na ubao wake hutoka sawasawa kila upande. Nisingemuuliza swali hilo kama nisingekuwa nimechoka.

Hapa mjini inafanya kazi. Ikifika Katelembo inakufa. Mashine haijui imefika wapi. Kinachobaki ni spea. Ngozi nzuri hubaki laini, ngozi ya bandia huanza vizuri kisha hulegea ikipata joto la kazi ya kweli. Nimeanza kumfikiria Ramzi.

Jumatatu, 3 Novemba
Leo nimejua kwa nini Ndambuki hanipi nafasi ya kupumua. Nilidhani ni mbao za watu. Kumbe ni mkaratusi.

Mkaratusi huo uko nyuma ya nyumba ya mama yake, Mama Munyiva, mjane anayeishi peke yake kwenye boma la zamani. Ni mti mkubwa kuliko yote ya upande ule. Mvua imelainisha udongo na mti umeanza kuinamia nyumba. Ndambuki anasema ardhi upande wa nyuma imepasuka kiasi cha kuingiza mkono kati ya mizizi.

"Mwambie mama ahame," nikasema.

"Nimemwambia. Pasta amemwambia. Anasema mti ilipandwa na mzee, haiwezi kumwangukia. Anafunga mlango analala."

"Basi azima pawa nyingine."

"Zote ziko kazi, Fundi. Miti imeanguka kila mahali, barabara zimefungwa. Na hii yangu ilikuwa inafanya."

Alisema "ilikuwa inafanya" bila kunilaumu, nami nikasikia lawama. Nimebadilisha seti tena, nimemwambia akate kesho kutwa mvua ikipoa. Nikamhakikishia. Sijui kwa nini nilimhakikishia.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekosea kumhakikishia.

Ndambuki kaja leo na pawaso begani, matope mpaka magotini, mkono umefungwa kitambaa. Ametembea kwa sababu maji yamechukua daraja la kule chini. Akaketi bila kukaribishwa, jambo asilolifanya kamwe.

Walikuwa wamefunga kamba juu ya mti na majirani wakaishika kwa mbali, ili wauvute upande wa shamba. Yeye akakata mdomo wa mbele, upande ambao mti ungeangukia, vizuri. Akaanza kukata nyuma. Alipofika katikati ya shina pawaso ikalia juu, ikafa. Akafungua kifuniko, akafunga, akavuta kamba ya kuwashia. Ikawaka, ikakata kidogo, ikafa. Kisha upepo ukaja, mti ukakaa juu ya ulimi wa msumeno, ule ubapa unaozungukwa na mnyororo, na kuubana. Ilibidi wautoe kwa shoka, na hapo ndipo alipoumia mkono. Majirani waliacha kamba wakakimbia.

Sasa mti ule umekatwa nusu. Umesimama kwa nyama iliyobaki na kwa mazoea tu. Jana ungeanguka ukipenda, leo utaanguka upepo ukipenda. Na hakuna mpasuaji mwingine atakayekubali kuumalizia. Mwenye akili haendelezi mkato wa mtu mwingine, kwa sababu hajui ndani mti umejivutia upande gani. Ni Ndambuki mwenyewe arudi chini yake, na msumeno usiozima.

"Na mama?" nikauliza.

"Ako ndani. Anapika."

Nikaingia nyuma ya karakana nikajifanya natafuta ufunguo. Fundi anapokosea, mara nyingi mteja hukasirika tu na kwenda kwa fundi mwingine. Hii ni mara ya kwanza kosa langu limesimama juu ya paa la mtu.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimekwenda dukani kwa Ramzi asubuhi, watu wamejaa. Nikaitupa seti niliyoitoa kwenye pawaso juu ya meza yake ya kioo, nikasema kwa sauti kwamba anauza takataka, na kwamba mama mzee akifa Katelembo damu iko mikononi mwake.

Ramzi hakupandisha sauti. "Shemeji, hiyo ni mali ninayomuuzia kila fundi wa mji huu. Mbona wao hawajarudi?"

"Kwa sababu hawajui kutofautisha."

"Wewe unajua kila kitu, shemeji. Tatizo lako ni hilo."

Nimetoka nikiwa nimeshinda, lakini kufika mchana nikajisikia vibaya.

Jumatano, 12 Novemba
Khadija hasemi nami. Chakula kinaletwa na Nuha.

Mvua haijakatika. Kila upepo ukivuma naacha ninachofanya na kusikiliza, utadhani mti wa Katelembo unaweza kusikika hapa.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimepata dawa. Huko Tala kuna mtu wa vyuma chakavu, Kilonzo, mwenye pawaso ya zamani iliyovunjika mwili lakini kabureta yake ni nzima, ile halisi ya kiwandani. Nimeiogesha, nimeifunga kwenye pawaso ya Ndambuki, nimekata magogo asubuhi, nimekata mchana, nimejaza tangi tena nikakata mpaka majirani wakaja kulalamika. Injini iliimba. Sikuweka kitu chochote cha Ramzi humo ndani, na kwa hilo nimefurahi kuliko inavyofaa.

Jumanne, 18 Novemba
Ndambuki ameichukua. Nimemwambia aijaribu kwa kukata nguzo za ua kabla ya kuipeleka chini ya mti.

Alhamisi, 20 Novemba
Amemtuma mtu aniambie. Imezima kwenye nguzo ya pili.

Nimevunja brashi yangu ya kuoshea, nikaokota vipande, nikavitupa.

Jumamosi, 22 Novemba
Naandika nikiwa nimechoka mwili mzima, lakini nisipoandika leo sitaandika.

Niliamua kwenda Katelembo mwenyewe. Nilipofika kwenye barabara kuu nimebeba sanduku la vifaa, nikamkuta Ramzi amesimama na mwavuli. Khadija ndiye aliyemwambia, nani mwingine.

"Nimekuja kuona mali yangu ikilaumiwa," akasema.

"Haimo tena. Nimeitoa."

"Na bado inazima?"

Tukaenda kwa miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, matope yakitutoa viatu. Nilimwona akijaribu kunishikia sanduku mara mbili na mara mbili nikalivuta kwangu.

Mti ule hauelezeki. Niliposikia habari zake niliufanya mdogo. Ule mkato ulikuwa wazi upande wa nyuma kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo, na kila upepo ulipokuja ulijifunga kidogo na kujifungua. Chini yake bati za nyumba, na chini ya bati moshi unatoka jikoni. Ndambuki alikuwa amekaa mbali kwenye jiwe, pawaso imelala miguuni pake. Ameshindwa, na ilionekana.

Mama Munyiva akatoka kutusalimu. Ni mwembamba, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Nikamwomba maji ya moto nioshe mashine kabla ya kuifungua.

"Kuni zimelowa zote, mwanangu. Hiyo moto kidogo ni ya uji. Maji ya moto haiko."

Nikanung'unika. Ndambuki akaivuta pawaso, ikawaka, ikanguruma, akakata gogo lililolala pale. Nikasikiliza kwa sikio langu kwa mara ya kwanza mahali inapofia. Ikapanda juu, ikalia, ikafa. Nikaiweka juu ya gunia, chafu vile vile, nikachukua bisibisi kufungua kabureta. Ramzi akanishika mkono.

"Hii nyeupe hapa ni nini?"

Juu ya kifuniko cha tangi, pale penye tundu la kupumulia dogo kama lililotobolewa kwa sindano, palikuwa na kitu kimekandwa vizuri kikafunikwa na unga wa mbao juu yake. Nikakikwaruza kwa ukucha nikakinusa. Sabuni ya kufulia. Nikalegeza kifuniko, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, fyuu, kama mtu aliyetolewa majini.

Petroli ikitoka lazima hewa iingie. Tundu likizibwa, injini huvuta na kuvuta mpaka haina cha kuvuta. Ndambuki alinieleza siku ya kwanza kabisa: nikifungua kifuniko, inawaka tena. Kila mara nilipoiosha niliiosha sabuni ile kwa sabuni yangu, nikaiweka mezani ikiwa nzima, kisha nikatafuta ugonjwa niliokwisha kuuondoa.

"Nani ameweka?" Ndambuki akauliza, na alikuwa tayari amemgeukia mama yake.

"Ni mimi," Mama Munyiva akasema. "Unaniwekea petroli chini ya kitanda. Nikilala inanuka mpaka kichwa inauma. Hata tangi ya lori ikivuja wanazibanga na sabuni. Mimi nifanye nini?"

Ramzi akaanza kucheka, akajizuia, akacheka tena. Ndambuki akafunika uso kwa mkono wake uliofungwa kitambaa. Mimi nilitaka kulia. Niliwaza seti zote nilizofunga, safari ya Tala, meza ya kioo, Nuha akiniletea sahani.

Lakini wingu lilikuwa limesimama upande wa milima na hapakuwa na nafasi ya kulia. Nilitoboa tundu kwa sindano, nikajaza tangi, nikakata gogo kuhakikisha. Majirani wakaitwa, wakashika kamba iliyokuwa bado imefungwa juu. Ndambuki akaingia chini ya mti. Mama akaingia ndani ya nyumba.

Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Mama, toka nje."

"Kama itaanguka kwa nyumba, wacha inipate."

"Mwanao yuko chini yake. Ukiwa humu ndani, ataangalia nyumba badala ya kuangalia mti."

Kisha akasimama, akavaa viatu vyake vya mpira, akatoka akapita mbele yangu mpaka kwenye shamba, akasimama kwenye mvua iliyokuwa imeanza.

Nimesikia injini nyingi maishani. Sijawahi kusikiliza injini kama leo. Ramzi alikuwa ananishika bega na sikumbuki alianza lini. Ndambuki akaingiza ulimi kwenye mkato wake wa zamani, pole pole, akigonga kabari, akikata, akigonga. Majirani wakavuta. Mti ukalia ndani. Ndambuki akaruka nyuma na pawaso mkononi ikinguruma bado, na mkaratusi ukaenda upande wa shamba, ukalala juu ya kunde zilizokuwa zimeota. Nyumba ilitikisika sahani zikaanguka, bati hazikuguswa.

Watu wakashangilia. Ndambuki akazima pawaso mwenyewe, kwa kidole. Akaketi chini papo hapo kwenye matope.

Mama Munyiva hakushangilia. Alianza kutembea kando ya shina, kutoka kwenye kisiki, mkono wake ukipita juu ya ganda, mpaka akafika mwisho kabisa, kwenye majani ya kilele. Akayashika. Nikamfuata kwa kuogopa ataanguka kwenye matawi.

"Sijawahi fika huku juu," akasema.

Nikamwambia pole kwa mti.

"Mzee alipanda akaenda kazi Mombasa. Ilikuwa kiangazi. Mimi ndio nilikuwa naletea maji kutoka mtoni, na mgongo, debe kwa debe. Watu wakicheka, ati naletea mti maji na watoto wako na kiu." Akayageuza majani mkononi. "Fundi, ile sabuni. Mara ya kwanza ilikuwa harufu, kweli. Hizo zingine nilikuwa nimejua."

Sikuelewa haraka. Nilipoelewa, hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Na siku ile ilipozima katikati, mwanao akiwa chini?"

"Hiyo siku niliogopa sana. Nikasema sitarudia." Aliachia yale majani. "Halafu jioni nikaangalia juu."

Nilikuwa na maneno mengi, nimeyakusanya tangu Oktoba. Nilimshika mkono tukarudi naye mpaka nyumbani, akaokota sahani zake.

Njiani tukirudi mjini Ramzi alibeba sanduku langu na mimi nikamwachia.

Jumatatu, 24 Novemba
Ramzi ameueleza mji mzima. Mafundi wote nyuma ya soko wananiita Bwana Sabuni. Mmoja kaniletea kipande kimefungwa kwenye gazeti. Khadija, aliyeanza kusema nami tena, ameuliza ni kweli yule mama alisumbuliwa na harufu tu?

"Ni harufu," nikamwambia.

Ijumaa, 28 Novemba
Baada ya swala nimekwenda dukani kwa Ramzi, nikasubiri mpaka wateja wajae kama siku ile. Nikasema mbele yao kwamba seti zake ni nzuri na mimi ndiye niliyekosea. Ramzi akaniambia nipunguze sauti, nafukuza wateja.

Jumanne, 30 Desemba
Mwezi ukiandama leo tunafunga kesho. Bado mvua.

Ndambuki ameniletea benchi la karakana alilolipasua kutoka kwenye mti ule, sawasawa kila upande. Ramzi ndiye aliyeketi wa kwanza na kuanza hadithi yake ya sabuni kwa mteja mgeni. Anaisimulia vibaya, ameongeza mambo. Nimemwacha.

Nikamuuliza Ndambuki hali ya mama. Akasema amepanda mche mwingine, mbali na nyumba, na amemtuma kwangu. Anataka debe.

"Debe ya nini, na dunia nzima ni maji?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema, mvua itaisha."

Nikaingia ndani nikamwaga maji ya moto, nikasugua debe langu la kuoshea mashine mpaka harufu ya petroli ikatoka, nikampa. Ramzi akauliza mashine nitaziogeshea wapi sasa. Nikamwambia aendelee na hadithi yake.